Nilivyoikarabati Nyumba ya Haboba

Mama alizaliwa katika nyumba ya udongo huko Kibera, upande wa Makina, na alipokuwa msichana wa miaka ishirini na kitu akatoka humo na mkoba mmoja, asirudi. Alikuwa amempenda baba yangu, Mluhya aliyepika katika shule moja, Mkristo, mtu wa kuja. Kwa Wanubi wa wakati ule hilo halikuwa jambo la kukalia kikao. Babu alitangaza kwamba binti yake amekufa, na mjomba, ndugu pekee wa mama, akaendelea kulisema neno hilo hata baada ya babu mwenyewe kuzikwa. Mama na baba walipanga chumba Kawangware, eneo la Gatina. Huko ndiko nilikozaliwa, na huko ndiko nilikokuwa nikiishi na mama, baba akiwa ameshatutoka, nikishona sare za shule kwenye kibanda karibu na soko.

Haboba ndivyo Wanubi wanavyomwita nyanya. Wangu nilimwona mara chache. Alikuja Gatina kwa kujificha, amejifunga gurbaba yake, shuka la wanawake wa Kinubi, amebeba bakuli la chakula lililofunikwa kwa tabaga, kile kifuniko cha kusuka chenye rangi za kila namna. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamtazama mama akila mpaka akamaliza, kisha akachukua bakuli lake na kwenda. Sikuwahi kuwasikia wakizungumza jambo kubwa. Alipofariki tuliletewa habari akiwa ameshalala kaburini siku tatu. Mama hakulia mbele yangu. Alitoa mtandio wa zamani sandukuni, ule aliouacha alipoanza kwenda kanisani na baba, akaufunga kichwani, na tangu siku hiyo hakuuvua.

Ndipo nikapata wazo la nyumba. Nilijua mjomba hakai humo, alikuwa na yake ya mawe mbele kidogo. Nikamwendea na kilo mbili za sukari na kitambaa cha kanzu. Alinikaribisha vizuri kuliko nilivyotarajia, akaniuliza kazi, hakuniuliza mama. Nilipotaja nyumba ya haboba alicheka kidogo.

"Ile? Ile inaanguka. Ukitaka kukaa, kaa. Afadhali awemo mtu wa damu kuliko wezi wa mabati."

Akaingia ndani, akatoka na funguo mbili zilizofungwa kwa uzi wa kaki. Mimi nilisikia maneno mawili tu, mtu wa damu, na nikayabeba mpaka Gatina kama mtu aliyebeba maziwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Aliijenga baba yake babu, askari, kwa fito na udongo, vyumba vinne vikitazamana kwenye ukumbi mmoja, baraza mbele yenye nguzo za mutarakwa, mti mgumu usioliwa na mchwa, zilizokuwa nzima bado, nyeusi kwa moshi na mikono ya watu. Juu, chini ya mabati yaliyooza, kulikuwa na paa la zamani zaidi, madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa, yakanyooshwa na kugongwa moja juu ya jingine kama magamba ya samaki. Kuta za upande wa kusini zilikuwa zimeliwa na maji. Ungeweza kupitisha mkono ukamsalimia jirani.

Sikuwa na pesa za kumwita fundi. Nilikuwa na Jumamosi na Jumapili, na mikono. Nilianza kwa ujinga. Nikanunua simiti, nikaipaka juu ya udongo ukuta mzima wa mbele, na kwa wiki mbili nilijiona mjenzi. Mvua ya kwanza ilipopita, simiti ikaanza kutoa sauti ya kitu chenye uwazi ndani ukiigonga, kisha ikadondoka vipande vipande, vingine vikubwa kama sinia, na kila kipande kikaondoka na udongo wake. Nilikuwa nimeuharibu ukuta uliosimama miaka yote hiyo bila msaada wangu.

Mzee mmoja wa Riruta, fundi mstaafu aliyekuja kibandani kwangu kukunjiwa suruali, ndiye aliyenifunza. Nilimweleza huku napima mguu wa suruali, naye akaniuliza kama nina wazimu.

"Udongo unapumua," alisema. "Umeuziba pua kwa simiti, ulitaka ufanye nini? Unyevu ukikosa mlango unavunja ukuta."

Jumamosi iliyofuata alikuja Kibera mwenyewe, kwa miguu, na jembe lililokatwa mpini. Alinionyesha kuchimba udongo mwekundu, kuuloweka, kuukanyaga pamoja na nyasi kavu zilizokatwakatwa na mavi ya ng'ombe tuliyoyatoa kwao Riruta kwenye magunia, kisha kuuacha siku kadhaa uchachuke mpaka unuke. Tukajaza kuta. Juu yake tukapaka chokaa iliyochanganywa na jivu. Hakutaka malipo. Alisema tangu watu waanze kujenga kwa mawe hakuna aliyemwuliza kitu anachokijua, na kwamba nikimpikia chai yenye tangawizi inatosha. Alikuja Jumamosi tisa. Ya kumi hakuja, na nilipokwenda kumwangalia nikamkuta amelala, kifua kimembana, wanawe wamemkataza kazi ya matope. Nikaendelea peke yangu.

Vifaa nilivitoa Kawangware. Ng'ambo ya pale, kwenye mitaa ya matajiri, nyumba za zamani zilikuwa zikibomolewa kila wiki zipishe maghorofa, na kilichobaki kiliuzwa kando ya barabara: milango, madirisha yenye vyuma, mbao za sakafu, vigae, hata masinki. Nilijuana na muuzaji mmoja, akawa ananiwekea.

"Madam, mbao ya wakoloni hii," alikuwa akiniambia, akiugonga mlango kwa vidole. "Hii mchwa anaionea haya."

Nilinunua milango mitatu, dirisha moja kila mwezi, mabati yaliyotumika ambayo matundu yake ya misumari niliyaziba kwa lami. Misumari yenyewe niliinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, mmoja mmoja, nikiwa nimekaa baraza. Milango tuliisukuma kwa mkokoteni kutoka Kawangware hadi Kibera, mimi na mwenye mkokoteni, yeye mbele mimi nyuma, na magari ya Barabara ya Ngong yakitupigia honi kana kwamba tumeiba. Madebe ya zamani sikuyatupa. Niliyashusha, nikayasugua kwa mchanga, nikayarudisha kuwa dari ya baraza, kwa sababu mama aliwahi kunieleza kwamba alipokuwa mdogo alilala chali pale akisoma maandishi ya kampuni ya mafuta yaliyobanwa kwenye bati.

Nina jambo jingine la kusema, na ningependa kuliruka. Chumba cha nyuma kilikuwa na mpangaji. Mama mmoja kutoka pande za ziwa, mjane, mkaanga samaki, aliyekaa humo miaka kumi na miwili na kumlipa haboba mpaka haboba alipokufa, kisha mjomba. Alikuwa amejitengea jiko kwa mabati kwenye ukumbi, na ukuta ule wote ulikuwa mweusi kwa mafuta. Alinipenda. Alinichotea maji kila Jumamosi kabla sijafika, akinibakizia na mgongo wa samaki. Lakini mimi nilitaka nyumba irudi ilivyokuwa mama alipoiacha, vyumba vinne na ukumbi mweupe, na yeye hakuwemo kwenye picha hiyo.

Mjomba alisema kodi yenyewe si kitu, nami nikamwambia atafute kwingine. Nilimpa mwezi mmoja na nikajiona muungwana.

Alikuwa anapara samaki. Hakusimamisha kisu.

"Sawa, mathe," alisema. "Lakini haboba yako hakuniambia niende hata nyumba ilipokuwa inavuja. Sasa haivuji."

Alihamia Mashimoni, humohumo Kibera, na majiko yake mawili. Nikabomoa lile jiko la mabati siku hiyohiyo, na mabati yake nikayatumia kuezekea choo. Nilijiambia kwamba nyumba ni ya ukoo wetu. Ukoo wetu, nilisema hivyo, mimi niliyekuwa na umri wa miaka thelathini na sita na sijawahi kualikwa kwenye sherehe hata moja ya ukoo huo.

Kazi ilichukua miaka miwili na miezi. Mama muda wote huo hakukanyaga. Kila Jumapili jioni nilirudi Gatina na udongo kwenye kucha, akanipashia maji, akaniuliza kitu kimoja kimoja. Mnazi wa uani bado upo? Haukuwa mnazi, ulikuwa mpapai, na ulishakufa. Ile ndoano ya taa ukumbini? Ipo. Aliniuliza kama majirani wanamwulizia. Nilimdanganya kwamba wanamwulizia. Nilipomwambia twende akaone, alisema magoti yanamsumbua.

Alikuja mwishowe siku ya Jumatano, bila kuniarifu, peke yake. Mimi nilikuwa nimefunga kibanda kwa ajili ya kupaka sakafu rangi nyekundu, na nilipoinua kichwa nikamwona amesimama nje ya baraza, mkono mmoja kwenye nguzo, ananusa. Sikumwambia karibu, niliona haya kumkaribisha kwao. Alivua viatu. Alipita chumba hadi chumba akigusa kuta kwa kiganja, na alipofika ukumbini akakaa chini, palepale kwenye rangi mbichi, gauni lake jipya likaharibika. Alilia kwa muda mrefu na mimi nikalia naye. Nilidhani nimeelewa anachokililia.

Tulihamia mwezi uliofuata. Nilikuwa na furaha ambayo sasa ninaionea uchungu kuikumbuka. Mama alikaa baraza asubuhi, na wanawake wa makamo waliokuwa wasichana pamoja naye wakaanza kupita, kwanza kwa salamu ya mbali, kisha kwa kikombe cha chai. Wengine walimwita kwa jina lake la utotoni. Alianza tena kusema Kinubi, mwanzo kwa kigugumizi, na siku moja nikamsikia akicheka kwa lugha nisiyoielewa.

Mjomba alikuja mwezi wa tatu tangu tuhamie, Ijumaa baada ya sala, na mwanawe mkubwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ndugu hao kuonana katika miaka arobaini. Alimsalimia mama, mama akainuka haraka mpaka magoti yakamlia. Alipita vyumbani. Alisifu milango. Alisimama chini ya dari ya madebe akatikisa kichwa na kusema, "Kumbe haya bado yapo." Mwanawe alikuwa ametoa tepu na kupima upande wa mbele, kisha upande wa pembeni, akiandika kwenye simu. Nilimwuliza anapima nini.

"Kiwanja," alisema.

Wiki iliyofuata tuliitwa kikao nyumbani kwa mjomba. Walikuwepo wazee watatu wa ukoo, mjomba na mkewe, mwanawe, mama, na mimi karibu na mlango. Mjomba alizungumza kwa upole. Alisema kijana wake ameoa, watoto wanakuja, mahali pale panatosha ghorofa nne za vyumba vya kupangisha, na nyumba za udongo zimepitwa na wakati. Alinishukuru kwa kuitunza nyumba. Alisema Mungu atanilipa.

Nikasema, "Mjomba, wewe ndiye uliyenipa funguo."

"Nilikupa funguo," alisema. "Sikukupa nyumba."

"Ningejua, nisingeweka miaka miwili."

"Nani alikutuma uweke? Nilikuambia ukae. Mtu anayekaa haendi kununua milango."

Mzee mmoja alinikumbusha, naye pia kwa upole, kwamba mimi ni mtoto wa baba yangu na baba yangu alikuwa na kwao huko magharibi. Nikasema mama si mtoto wa baba mwingine. Nilisema amezaliwa mle, dini yenyewe inampa fungu lake, na kama wanataka kubomoa basi wamgawie kwanza. Hapo wazee walitazamana. Mmoja wao akamgeukia mama.

"Dada, wewe unasemaje? Una dai lolote?"

Nilimtazama mama. Nilikuwa na hakika. Nilikumbuka kiganja chake kikipita kwenye kuta. Alikuwa amekaa mkekani kati ya wifi yake na ndugu yake, amevaa gurbaba ambayo sikuijua, mtu alikuwa amempa, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Nyumba ni ya kaka yangu," alisema. "Mimi sidai kitu."

Mjomba akafunika uso kwa mikono miwili. Kisha akamshika mama mkono, na wazee wakasoma fatiha, na mke wa mjomba akaleta sinia la chakula. Kila mtu pale alikuwa na machozi ya furaha. Nikasimama nikatoka. Hakuna aliyenizuia.

Nilimngoja kwenye baraza ya haboba mpaka alasiri. Alipofika nilimwuliza kwa nini.

Alikaa, akavuta pumzi.

"Wewe ulidhani nataka nyumba," alisema. "Nyumba nitaifanyia nini na umri huu? Nilikuwa nimekufa kwao. Leo nimekula nao sahani moja. Nikifa sasa watanizika wao."

"Na mimi?"

"Wewe una mikono. Utajenga kwingine."

Nilimwambia maneno ambayo mtoto hatakiwi kumwambia mzazi. Nilimwambia ameniuza. Nilimwambia haboba alikuwa akija Gatina kwa kujificha kwa sababu ya watu hawahawa, na leo amewapa kila kitu kwa kipande cha nyama. Alianza kukunja nguo zake, na nikaona anazikunja kuwa mafungu mawili, zake na zangu.

Mama alihamia kwa mjomba. Mimi nilirudi Gatina, kwenye jengo jingine, ghorofa ya tatu. Walinipa siku saba za kuondoa nilichoweza. Ningeweza kuchukua milango na madirisha, yalikuwa yangu, na yule muuzaji wa Kawangware angeyapokea siku hiyohiyo. Sikugusa hata msumari. Nilisema ni heshima. Haikuwa heshima, nilitaka waone haya wakati wa kuvunja. Hawakuona haya. Vijana sita waliangusha nyumba nzima kati ya saa mbili asubuhi na adhuhuri. Nilisimama ng'ambo ya njia nikiangalia. Kuta zile zilikataa kidogo, nakiri hilo lilinifurahisha, iliwabidi kuzichimba kwa mitaimbo. Nguzo za mutarakwa zilitoka nzima. Zilikatwakatwa palepale kuwa kuni.

Nilikwenda Mashimoni kumtafuta yule mama wa samaki. Sijui nilitaka kumwambia nini, labda kwamba na mimi nimefukuzwa, ili tuwe sawa. Nilimkuta kwenye banda karibu na kioski cha maji, amekonda. Alikuwa ameshasikia. Alinifungia samaki kwenye gazeti, akakataa malipo, na nilipoanza kuomba msamaha akaniambia wateja wanangoja nyuma yangu, nisogee. Sikuwa nimeona mteja yeyote. Nilisogea.

Ghorofa zimesimama sasa, tatu kati ya nne, na wapangaji wameshaingia chini. Mama ana chumba kimoja mbele, bure, kinachotazama njia. Nampelekea dawa za magoti kila baada ya wiki mbili. Tunazungumza juu ya magoti. Amenenepa, wanawake wenzake wanamjia kila siku, na ndugu yake humpitia akitoka msikitini. Amepata alichokitaka, na sijui kwa nini hilo halinitoshi.

Idi iliyopita niliitwa. Mara ya kwanza maishani mwangu mtu wa ukoo ule alinipigia simu kuniambia njoo tule. Nilivaa vizuri, nikaenda. Nilikaa na wanawake, nikapakuliwa wa pili baada ya mama. Kulikuwa na mgeni wa mjomba, mtu wa heshima kutoka Mombasa, na mjomba alipopita naye kwenye mlango wetu akanionyesha kwa mkono.

"Huyu binti wa dada yangu," alisema. "Ndiye aliyetutunzia ile nyumba yetu ya zamani. Hodari sana. Fundi kamili."

Mgeni alinisifu. Akauliza nyumba ilikuwa ya namna gani, na kabla sijafungua kinywa mama akamjibu, akamweleza vyumba vinne, ukumbi, nguzo, madebe yenye maandishi, kila kitu mahali pake, na sauti yake ikajaa fahari. Watu waligeuka kumsikiliza. Alieleza vizuri. Hakukosea hata kimoja.

Nilimaliza wali wangu, nikanawa mikono, nikamuaga kila mtu kwa zamu kama inavyotakiwa. Mjomba alinifungia chakula cha kwenda nacho. Nilikibeba mpaka Kawangware na nikampa bawabu wa jengo letu, kwa sababu nilikuwa nimeshiba.